Kirimi na Gia ya Kwanza

Kirimi hakujua kukaa. Kanisani alisimama nyuma kabisa, bega ukutani na mguu mmoja nje ya mlango, na mahubiri yakirefuka kidogo mguu wa pili nao ulifuata. Chai aliinywa akizunguka boma, kikombe mkononi, akikagua ua, akikagua kuku, akichungulia barabara utadhani kuna mtu amemwahidi kuja. Gladwell, mkewe, aliacha kumwekea kiti zamani. "Viti ni vya wageni," aliwaambia waliouliza. "Mwenye nyumba hii alizaliwa bila makalio."

Mikinduri nzima ilijua ugonjwa huo ulitoka wapi. Miaka yote ya ujana wake Kirimi aliendesha pikapu ya miraa, na miraa haina subira. Inachumwa kukipambazuka, inafungwa vibunda, inafunikwa kwa majani ya migomba, halafu inatakiwa iwe Nairobi ikiwa bado inang'aa. Ikichelewa ni chakula cha mbuzi. Dereva wa miraa basi hafunzwi kuendesha, anafunzwa kufika, na Kirimi alifika. Aliyapita malori kwenye kona ambazo wenye malori wenyewe waliziogopa. Mgongo ulipomshinda akaiacha ile kazi, akabaki na shamba lake la miraa na pikapu moja kuukuu, lakini mguu wake wa kulia haukustaafu.

Ndipo pikapu ikageuka kuwa gari la wagonjwa. Hakuna aliyelipa kazi hiyo. Mama akishikwa na uchungu barabara imejaa matope, mzee akizimia sokoni, mtu akijikata na panga shambani, aliitwa Kirimi, naye alikuwa amewasha gari kabla hujamaliza kueleza. Hakudai hata mafuta. Alichotaka ni kusimulia baadaye, akiwa amesimama, bila shaka, huku mikono yake ikizungusha usukani hewani. "Kwenye gari langu hajafa mtu," alisema, na ilikuwa kweli. Wacha niseme yangu pia: alijisifu mpaka akachosha. Lakini utamnyamazishaje mtu aliyemfikisha mama yako hospitali akiwa hai?

Basi unaweza kufikiria alivyoipokea habari ya helikopta. Aliyeileta ni Makandi, muuguzi wa zahanati, kwenye baraza la chifu. Alisema kuna shirika lenye ndege ya kubeba wagonjwa mahututi, na ndani mna daktari, oksijeni na mashine za kupumulia. Mgonjwa halipi kitu. Ndege inaruka kwa michango ya wahisani, wengine wako ng'ambo, wengine ni makanisa ya hapa hapa na watu wa kawaida wanaotuma kidogo kwa simu kila mwezi. Akatoa mifano: mama wa Mitunguu aliyevuja damu baada ya kujifungua, mchunga mbuzi wa kule chini Embu aliyeumwa na nyoka mbali na lami. Wote wako nyumbani kwao leo, alisema.

Kirimi alikuwa amesimama, kama kawaida yake. "Na kukiwa na mawingu, sista?"

"Wanangoja yafunguke."

"Haya. Wao wangoje. Mimi nitakuwa nishafika Meru na nimeshakunywa soda."

Baraza likacheka. Makandi hakucheka. Jumapili iliyofuata kanisa lilinadi mazao kuichangia ile ndege, na Gladwell akatoa jogoo mnene kuliko kuku wote wa boma. Kirimi alinung'unika wiki nzima kwamba jogoo wake amegeuzwa mafuta ya ndege, na kwamba angetiwa kwenye pikapu angalau angeonekana anakoenda.

Sasa hayo yote ni maneno ya watu wazima wasio na shida. Shida ilikuja asubuhi ya manyunyu, na ilimjia Mutuma.

Mutuma ni mtoto wao wa pekee wa kiume, kijana mkubwa, aliyetoka chuo akakosa kazi akarudi kuchuma miraa na baba yake. Miti ya Kirimi ni ya zamani, aliachiwa na babu yake, mirefu kuliko nyumba, na machipukizi matamu yako juu kabisa. Asubuhi ile magome yalikuwa yanateleza. Wachumaji wengine walisikia tawi likikatika, kisha kishindo. Kijana alikuwa ameangukia mgongo kwenye mawe ya matuta ya shamba.

Kirimi alikuwa nyumbani akikaza nati za gari. Alipofika chini ya mti alimkuta Mutuma macho wazi, uso umekuwa rangi ya majivu, akisema polepole kwamba shingo inawaka moto na miguu imeingia ganzi. Kirimi hakuuliza kitu. Mwili wake ulifanya ulichozoea. Aliirudisha pikapu kinyumenyume mpaka ukingo wa shamba, akafungua kibati kinachofunga bodi nyuma, akatandaza majani ya migomba tele, vilevile anavyotandazia miraa, kisha akawaita wachumaji wawili.

"Wewe kwapani, wewe miguuni. Mnyanyueni twende."

Walikuwa wameshainama. Mmoja alikuwa na kikombe, kwa sababu kwetu mtu akianguka lazima akalishwe anyweshwe maji, ndiyo huduma ya kwanza tuliyozaliwa nayo. Makandi, aliyepigiwa simu na mchumaji mmoja, alifika akiwa nyuma ya bodaboda, koti la zahanati likiwa halijafungwa vifungo, na akaruka kabla pikipiki haijasimama.

"Mwacheni chini! Asiguswe!"

Wachumaji waliacha. Makandi alipiga magoti, akamshika Mutuma kichwa kwa mikono miwili, akamwambia asigeuke hata akiitwa na nani. Akamwamuru Gladwell, aliyekuwa amefika akikimbia, amvue mwanawe viatu. "Mutuma, chezesha vidole vya miguu." Wote walitazama. Vidole vilicheza, kidogo, kwa shida, lakini vilicheza. Makandi akamwachia Gladwell kichwa akimwonyesha namna ya kukishika, akasogea kando na kupiga simu.

Kirimi alikuwa hatulii. Alikwenda kwenye gari akarudi, akaenda akarudi, funguo zikilia mkononi. Alisikia vipande vya maneno: ameanguka kutoka juu, shingo, anapumua vizuri, ndiyo, uwanja wa shule ya msingi. Makandi aliporudi alisema ndege inaondoka Nairobi. Itatua uwanjani pa shule, maana shamba lote ni mteremko na miti. Mawingu yamelala juu ya milima ya Nyambene lakini rubani atajaribu.

"Atajaribu," Kirimi akasema. "Huyu ni mtoto wangu, Makandi, na wewe unaniambia mtu atajaribu. Toka kando. Kabla hiyo ndege haijapashwa moto mimi nitakuwa mlangoni pa hospitali."

Aliingia kwenye gari, akaliwasha, akachungulia nje kuwaita wale wawili wampakie. Makandi alikuja dirishani akaweka mkono juu ya usukani.

"Mzee Kirimi, unamkumbuka Ngari?"

Nani asiyemkumbuka Ngari? Alikuwa kijana wa Mbeere, kutoka Siakago, aliyekuja kumchumia Kirimi miraa akaanguka, miaka michache nyuma. Kirimi alimfikisha Meru kwa mbio zinazosimuliwa hadi leo. Ngari hakutembea tena, lakini alipona, akarudi kwao Embu, na kila mavuno ya ndengu alimtumia Kirimi gunia dogo, limeandikwa kwa kalamu nene: kwa dereva wangu. Katika masimulizi yote ya Kirimi, hilo ndilo alilolipenda kuliko yote.

"Siku ile nilimpima mimi," Makandi alisema kwa sauti ya chini, wachumaji wasisikie. "Nilikuwa mgeni hapa, nawe hukunipa hata nafasi ya kufungua mdomo. Vidole vya miguu yake vilikuwa vinacheza, vile vile ulivyoona vya Mutuma. Alipofika Meru havikucheza."

Injini iliendelea kunguruma. Kirimi alimtazama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila mtu alikuwa anakushukuru, mzee. Hata yeye."

Kirimi alizima gari. Alikaa pale, kweli alikaa, mikono juu ya magoti. Kisha akauliza, bila kumwangalia, afanye nini.

Waling'oa mlango wa stoo. Wachumaji, Gladwell na Makandi walimlaza Mutuma juu yake kwa pamoja, Makandi akihesabu, kichwa na mwili vikienda sambamba. Walimfunga kwa leso na kamba za katani, wakaviringisha leso nyingine wakazibana kila upande wa masikio, kisha wakautelezesha mlango juu ya godoro la kitandani mwa Gladwell, lililowekwa juu ya yale majani ya migomba. Makandi alipanda nyuma, akapiga magoti, akakishika kichwa.

"Sasa utuendeshe mpaka shuleni," alimwambia Kirimi. "Na nikisikia tuta moja, nitakuambia usimame."

Kutoka shambani hadi shule ni mwendo ambao Kirimi huumaliza kabla wimbo mmoja wa redio haujaisha. Aliingiza gia ya kwanza. Aliachia klachi polepole sana, gari likaanza kutambaa lenyewe, naye akauondoa mguu wa kulia kwenye mafuta kabisa, akaukunja chini ya kiti, kwa sababu hakuuamini.

Gladwell alitembea kando ya gari, mkono kwenye bodi, na hakuhitaji hata kukaza mwendo. Wanawake waliokuwa wakienda sokoni na mizigo mgongoni waliwapita. Kijana mmoja wa bodaboda alipunguza mwendo, akachungulia, akaona ni nani aliye kwenye usukani, akashika njia yake. Barabara ni ya murram, haina lami, mvua imeichimba mifereji, na Kirimi alilijua kila shimo. Lakini aliyajua kwa namna ya kuyaruka, na sasa ilimbidi ayajue upya, gurudumu moja moja, akiyazunguka, akishuka ndani yake na kutoka kwa upole. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Goti la mguu uliokunjwa lilikuwa linaruka lenyewe.

"Baba," Mutuma aliita kutoka nyuma. Kioo kati ya kiti chake na bodi kilikuwa kimevunjika zamani, wakasikizana vizuri. "Ni wewe unaendesha?"

"Ni mimi."

"Mbona sisikii mbio?"

"Nyamaza, usicheke," Makandi alisema. "Ukicheka utatikisika."

Walikuwa wamekaribia kona ya posho mill, kile kinu cha kusagia mahindi, waliposikia muungurumo. Ulitoka upande wa Meru, ukakua, na helikopta ikachomoza chini ya mawingu, chini sana, kuku wakatawanyika kila boma. Iliwapita juu ya vichwa, ikaelekea shuleni, ikaanza kuzunguka uwanja. Kule watoto walikuwa wanapiga mayowe na walimu wakiwasukuma nyuma. Simu ya Makandi ililia. Hakuweza kuishika, mikono yake ilikuwa na kazi, kwa hivyo Gladwell akaitoa mfukoni mwa koti na kumwekea sikioni.

"Wanasema ukungu unashuka nyuma yao," Makandi alisema. "Wanaweza kutua na kungoja kidogo tu. Ukungu ukifunga mlima kabla hatujafika, watalazimika kuondoka."

Kati yao na lango la shule palibaki kipande kimoja cha barabara kilichonyooka, na Kirimi aliijua nguvu ya gari lake. Kukanyaga mara moja tu, gia ya pili, na wangekuwa langoni. Mguu wa kulia ulishatoka chini ya kiti. Hakuutoa yeye, nakuambia, ulitoka wenyewe, na kisigino kilikuwa kimeshagusa sakafu mbele ya mafuta.

Halafu akauona mtaro. Mvua ya usiku ilikuwa imeikata barabara upande hadi upande, mfereji wa kina cha mkono, hapo hapo mbele ya lango. Siku nyingine angeuruka na abiria wakagonga paa. Kirimi alikanyaga breki kwa mguu mwepesi kama unyoya, akasimamisha gari, akavuta hendibreki, akashuka.

"Unafanya nini?" Gladwell alishtuka. "Baba Mutuma, ndege itaenda!"

"Na iende," alisema Kirimi. "Iende. Huu mtaro siupiti hivi."

Alianza kubeba mawe. Wachumaji waliokuwa wakiwafuata kwa miguu wakaingia kazini bila kuambiwa, wakatupa mawe, wakamwaga udongo, Kirimi akavua koti lake zuri la kanisani, alilolivaa asubuhi kwa sababu alikuwa na mkutano wa kamati ya maji, akalitandaza juu ya mawe. Helikopta ilikuwa imetua, upepo wake ukirusha majani na karatasi za watoto. Nyuma yake mlima ulianza kupotea. Kirimi alikanyaga lile daraja lake kwa miguu miwili, akaruka juu yake mara kadhaa kulipima, akaongeza jiwe, akalipima tena. Gladwell alikuwa anaomba kwa Kimeru, kwa nguvu, akimkumbusha Mungu juu ya kila kitu ambacho familia hiyo haijawahi kumwomba.

Kirimi alirudi kwenye usukani. Gurudumu la mbele likapanda, likashuka. La nyuma likapanda. Nyuma hakukusikika kitu ila Makandi akisema, "Vizuri. Vizuri. Vizuri."

Daktari aliwalaki langoni, mwanamke mwembamba aliyevaa ovaroli, na mwenzake wa kiume mwenye begi kubwa mgongoni. Hawakupoteza neno. Walimfunga Mutuma kola ngumu shingoni, wakamtia sindano ya maumivu na dripu, wakamhamisha kwenye godoro lililonyonywa hewa likamkumbatia mwili mzima likawa gumu. Daktari alimweleza Gladwell kwamba wanampeleka moja kwa moja kwa madaktari wa mgongo Nairobi, na kwamba kwa barabara safari hiyo ingekuwa ya kutwa na kila tuta lingekuwa hatari. Kisha akaenda miguuni.

"Chezesha vidole kwa ajili yangu."

Kirimi alikuwa amesimama upande wa miguu. Aliviona. Kidole gumba cha kulia kilikwenda mbele, kikarudi. Cha kushoto kikafuata. Halafu vyote vikacheza pamoja, kijana akivionyesha kwa fahari, utadhani mtoto anayejifunza kuhesabu. Walimu walipiga makofi. Gladwell alimshika daktari bega.

Kirimi alikuwa anavitazama vile vidole. Alikuwa na furaha, na ndani ya furaha ile ile akaona miguu mingine, ya kijana mwingine, kwenye majani ya migomba nyuma ya gari lake.

Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja wa kusindikiza, akaenda Gladwell. Helikopta ilinyanyuka, ikainamisha pua, ikapita chini ya ukungu kwa kubanana hasa, na sauti yake ikazama upande wa kusini. Watu wakamzunguka Kirimi kumpongeza. Alijitoa polepole, akaenda kuegemea bodi la pikapu iliyokuwa tupu, ila godoro na majani yaliyosagika. Makandi alikaa kwenye ukingo wa kibati, akinyoosha vidole vyake vilivyokufa ganzi. Hapo simu ya Kirimi ikalia. Habari za wachumaji zina mbio kuliko gari lolote, na aliyepiga alikuwa Ngari.

"Mzee, nimesikia," Ngari alisema kutoka Siakago. "Nimewaambia watu wa hapa wasiwe na wasiwasi, dereva ni wewe. Mmeshafika Meru?"

"Sikwenda Meru," Kirimi alisema. "Tulingoja ndege. Nilimpeleka hadi hapa shuleni tu, kwa gia ya kwanza." Makandi alimtazama, akateremka, akasogea mbali kidogo kumwachia nafasi. "Ngari, siku ile nilipokubeba. Miguu yako."

Upande wa pili mbuzi mmoja alilia kwa mbali.

"Niliisikia mpaka pale darajani," Ngari alisema. "Uliporuka lile tuta la daraja. Baada ya hapo sikuisikia tena."

"Ulijua?"

"Ni miguu yangu, mzee. Ningekosaje kujua?"

Kirimi aliketi chini, kwenye udongo wenye maji, mgongo kwenye gurudumu. "Na kwa nini hukusema? Hata mara moja? Miaka hii yote unanitumia ndengu."

"Ningesema nini? Njia nzima ulikuwa unaniombea kwa sauti. Ulikuwa unalia kuliko mimi mwenyewe." Ngari alikohoa. "Haya, niambie kijana. Vidole vyake vinacheza?"

"Vinacheza," alisema Kirimi.

"Vyote?"

"Vyote."

"Basi," alisema Ngari. Hakukata simu, wala Kirimi hakukata, na watu waliokuwa wakitoka uwanjani walishangaa kumwona amekaa vile, simu sikioni, asiseme kitu na asiinuke.